Zamu ya Samaki

Mimi ndiye mwanamke wa kwanza kuvua samaki katika wilaya nzima ya Isiolo, na anayebisha alete shahidi. Samaki mwenyewe alikuwa amekufa tangu asubuhi, tena nilimvua kwa sufuria nikichota maji ya chai, lakini kuvua ni kuvua. Wanawake wa Kiturkana walikuwa wamevua kabla yangu, tena samaki walio hai, ila hakuna mtu aliyewahi kuwauliza, kwa hivyo sifa imebaki kwangu.

Jina langu ni Ebla. Babu yangu alikuja na Waingereza kutoka ng'ambo ya bahari akiwa askari, vita vilipoisha wakampa medali na jangwa. Medali ilipotea. Mimi nilisoma mpaka darasa la sita, baba akaona najua kurudisha chenji, akasema elimu imetosha, iliyobaki ni kiburi. Basi mwaka wa 1979, redio ikiwa bado inazoea jina la rais mpya, mimi nilikuwa mjane mwenye hoteli kando ya bwawa, njia ya kwenda Ngaremara. Hoteli ni neno kubwa. Ilikuwa mabati, jiko na benchi mbili, na benchi moja ilikuwa ya kuazima.

Lakini chai yangu ilijulikana mpaka Marsabit. Madereva wa lori walikuwa wanabana mkojo kutoka Archers Post ili wasimame kwangu. Siri yake haikuwa majani, majani ni yale yale. Ilikuwa maziwa ya ngamia, mazito, yenye harufu ya moshi wa kibuyu. Na ngamia hawakuwa wangu. Walikuwa wa shemeji yangu Shuriye, kaka wa marehemu mume wangu. Kila asubuhi kibuyu changu kilikwenda kwake kikiwa kitupu na kurudi kimejaa. Kwa mila Shuriye angeweza kunirithi pamoja na masufuria. Alikuja mara moja kuniangalia kwa nia hiyo. Alikaa, nikaongea, nikaongea, chai yake ikapoa mkononi, akasimama akasema, "Ebla, maziwa utapata." Hakurudi tena na nia hiyo.

Sasa bwawa. Bwawa lilichimbwa na serikali, lakini maji yalikuwa ya Mzee Dullo. Dullo alikuwa Mborana, na ndiye aliyekuwa aba herega, yaani baba wa zamu. Alikaa juu ya jiwe lake na fimbo, akapanga nani anywe: leo ngamia wa fulani, kisha ng'ombe wa fulani, kisha mbuzi, mwisho punda. Punda ni mwisho hata kama ni wa chifu. Siku moja gari la serikali lilichemka, dereva akaja mbio na debe, Dullo akamwambia asimame nyuma ya punda. Akasimama.

Kwenye mambo kama hayo ndipo alipotokea Zachary Ntongai, kijana wa Meru, suruali imepigwa pasi mpaka ungeweza kukatia kitunguu. Alikuwa afisa wa samaki, na kabla hajazima gari tulikuwa tumeshamwita Bwana Samaki. Alileta mapipa, na ndani ya mapipa visamaki vidogo kama kucha. Hakuvimwaga hivi hivi. Alichota maji ya bwawa akatia ndani ya pipa kidogo, akangoja, akatia tena, akasema lazima wazoee joto la maji. Sisi tukaona huyu kijana amelelewa vizuri, hata samaki anawapigisha hodi.

Dullo akashuka kwenye jiwe.

"Hawa ni wa nani?"

"Ni wa serikali, mzee. Wanaitwa tilapia. Wakikua, watu watakula."

"Sijauliza kama wataliwa. Nauliza zamu yao ni gani."

Zachary akacheka. Alipoona anacheka peke yake, akaacha.

"Mzee, samaki hawana zamu. Wao wanakaa tu ndani."

"Ndani ya maji."

"Ndiyo."

"Mchana na usiku."

"Ndiyo, mzee."

"Na mdomo wamefungua."

Zachary akainama kutazama pipa. Ni kweli, vidomo vilikuwa vinafunguka na kujifunga, vinafunguka na kujifunga.

"Hawanywi, mzee. Wanapumua."

"Hata yule mlevi wa pale stendi anasema anapumua," Dullo akasema. "Lakini chupa inapungua."

Kesi ikaamuliwa pale pale. Mtu akiingiza mifugo kwenye maji bila zamu, faini yake inajulikana tangu babu zetu: beberu mmoja, na asiwe mgonjwa. Zachary alileta beberu kutoka kwa shangazi yake, kwa sababu mkubwa wake alitaka samaki majini na hakutaka kusikia habari za mabeberu. Dullo akala nyama, akafuta kisu, akatangaza kwamba samaki wa serikali wamekubaliwa, zamu yao ni baada ya punda.

"Na nani atawaambia wangoje?" Zachary akauliza.

"Si wewe ndiye mchungaji wao?"

Mvua ilikuwa nzuri mwaka huo, bwawa likajaa, watu wakasahau. Samaki wakanenepa. Hakuna aliyewala. Kwetu sisi, na kwa Waborana, hata kwa Wameru wa siku hizo ambao leo wanajifanya wamezaliwa na ndoano mkononi, samaki alikuwa nyoka aliyeshindwa kupanda nchi kavu. Dini haikukataza. Sheikh aliulizwa, akasema samaki ni halali, tena hata hachinjwi. Shuriye akasema hapo ndipo penye shida, mnyama gani anakufa mwenyewe halafu anaitwa chakula? Na sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: mkono uliogusa samaki usiguse kibuyu cha maziwa. Ukigusa, ngamia anakauka.

Mtu aliyenipasulia kuni alikuwa Mturkana, Lochoro, mtu wa kutoka kule ziwani. Alikuwa na ugonjwa mmoja: hajui kusema uongo. Si kwamba alikuwa mcha Mungu, hakupewa tu hicho kipaji. Lochoro alilitazama lile bwawa kama mtu anayetazama duka ambalo mlango umeachwa wazi. Siku moja akasuka kikapu cha majani ya mkoma, kirefu, kisicho na kitako. Akaingia mahali maji yanapofika magotini, akatembea polepole kama korongo, halafu akakipiga kikapu chini, chubwi. Akaingiza mkono kwa juu, akatoa tilapia mkubwa kama kandambili.

"Mama, nipatie mafuta kidogo," akaniambia.

Nikampa mafuta. Si kosa kumpa mtu mafuta. Kisha ile harufu ikatoka kwenye karai, ikazunguka hoteli, ikaingia puani kwa turniboi, msaidizi wa dereva wa lori la ng'ombe, naye akasema, "Mama, hii nyama ya nini? Niletee."

Basi nikagawa mikono. Wa kulia wa maziwa, wa kushoto wa samaki. Wewe unayecheka, jaribu kugeuza samaki kwenye karai kwa mkono wa kushoto, mafuta yanaruka, huku wa kulia umeuficha kwenye shuka kama una jipu. Lakini sheria ilisema mkono, haikusema mtu mzima. Sheria ikiacha mlango, mimi hupita.

Mwanzoni walikula Waturkana na maturniboi. Kisha mjini wakaanza kuagiza, na Lochoro akawa anapeleka, samaki amefungwa kwa gazeti. Wote walisema kitu kimoja: ni ya paka. Karani wa kaunti kansel alikuwa na paka. Mwenye duka la nguo alikuwa na paka. Mwalimu mmoja alikuwa na paka watatu na wote walipenda mkia. Isiolo paka waliongezeka sana mwaka huo, na panya hawakupungua hata mmoja.

Kulikuwa na mteja mmoja wa kila Alhamisi. Samaki wawili, kichwa kitolewe, ndimu ikamuliwe juu, pilipili nyingi.

"Lochoro, huyu ni nani?"

"Alikataza nisiseme, mama."

"Na yeye ni ya paka?"

"Ya paka."

"Paka gani anakula pilipili na ndimu?"

"Mimi sijaonana na hiyo paka," Lochoro akasema. "Mimi napeleka tu."

Basi ikaja kiangazi cha mwaka uliofuata. Maji yakarudi nyuma, yakaacha tope limepasuka kama kisigino changu. Dullo alikaa juu ya jiwe lake akihesabu migongo ya samaki inayoonekana, na kila mgongo ulimuuma. Watu wakaanza kusema: ngamia anakunywa anaondoka, anarudi baada ya siku nyingi. Hawa wa serikali wameingia zamu ya kila mtu na hawajatoka. Na ngamia nao, kwa kukosa majani, maziwa yakapungua.

Shuriye akaja hotelini. Alikuwa mwanaume mrefu, ndevu za hina, anatembea kama anayepimwa koti. Akavuta pumzi.

"Ebla, hapa kunanuka nini?"

"Ni lori, shemeji. Dizeli."

Akapitisha kidole juu ya benchi. Kidole kikarudi na kitu kidogo, cheupe, kinang'aa.

"Dizeli ina magamba?"

"Hiyo ni kucha ya turniboi. Hawa watoto hawana adabu, wanakatia kucha hapo hapo."

Akaitazama ile kucha juani, mbele na nyuma. Akaiweka chini polepole.

"Maziwa yamepungua," akasema. "Kuna mtu wa nyumba yangu anashika samaki na anashika kibuyu. Jumamosi tuko na baraza kwa Dullo. Uje, na uje na kibuyu chako. Nikijua ni wewe, nitakivunja mbele ya watu, na hakitaingia tena kwangu."

Alipoondoka nilikaa kwenye benchi ya kuazima. Nilijaribu kujiona nikiuza chai ya strungi. Dereva gani atasimamisha lori la tani kumi kwa sababu ya maji meusi? Angepita Ngaremara bila hata kupunguza mwendo. Samaki ningeweza kuacha. Lakini yaliyopita hayafutiki, na Lochoro akiulizwa atajibu. Nikamwita.

"Lochoro, Jumamosi wakikuuliza nani anakaanga, utasema nini?"

"Nitasema wewe, mama."

"Huwezi kusema hujui?"

Akafikiri kweli kweli, mpaka nikamhurumia. "Lakini najua," akasema.

"Basi usiulizwe. Kaa nyuma."

Jumamosi watu wakajaa pembeni ya bwawa, wengine kwa ajili ya kesi, wengine kwa ajili ya kivuli cha wengine. Mimi nilisimama nimejifunika shuka, mikono yote miwili ndani, kibuyu kwapani. Zachary alikuja na suruali yake ya pasi, ila shati lilikuwa limelowa mgongoni.

Dullo akafungua. "Mchungaji wa hawa wanyama alipewa zamu baada ya punda. Hakuitii hata siku moja. Leo atoe mifugo yake kwa maji, ama tuitoe sisi tuizike."

"Mzee, watakufa," Zachary akasema.

"Ndiyo maana ya kuzika."

Kisha Shuriye akasimama. Lazima niseme haki, alisimama vizuri. Akasema habari ya maziwa, akasema habari ya mababu ambao walivuka bahari nzima na hawakula hata dagaa mmoja, jambo ambalo mimi kila siku huwa najiuliza walikula nini. Akamaliza hivi:

"Mtu wa nyumba yangu ambaye ametia samaki mkononi au mdomoni, maziwa ya ngamia wangu ni haramu kwake. Kuanzia mimi mwenyewe. Mdomo huu haujui samaki. Nikiletewa leo, sijui hata analiwa kuanzia wapi."

Watu wakaguna kwa heshima. Macho yake yakaanza kunitafuta, na mimi nikaanza kutafuta mtu mnene wa kusimama nyuma yake.

Zachary ndiye aliyeniokoa, bila kujua. Aliinua mkono kama mtoto wa shule.

"Wazee, neno moja. Mnasema samaki wanamaliza maji. Sawa. Lakini samaki akishaliwa, anakunywa tena?"

Dullo akaweka fimbo chini. Hilo lilimgusa.

"Akiliwa hanywi," akasema.

"Basi badala ya kuwazika, mruhusu wavuliwe, waliwe, kila siku wapungue. Mjaribu mmoja tu. Mzee mmoja aonje mbele ya wote, aseme kama ni nyama au ni nyoka."

Kukawa na minong'ono. Nani aonje? Asiwe Mturkana, atasifia. Asiwe Mmeru, atamtetea kijana wa kwao. Awe mtu safi, mdomo wake haujawahi kuguswa na samaki, tena ameapa mbele ya watu wote. Shingo zikageuka taratibu, kama mbuzi waliosikia chumvi, zikamwelekea Shuriye.

"Mimi?" Shuriye akasema. "Mimi nimetoka kuapa sasa hivi."

"Kuonja kwa amri ya baraza si kula," Dullo akasema. "Ni ushahidi."

Shuriye alikataa kama bibi harusi anavyokataa: uso chini, mguu mmoja umeshatoka nje. Akasema tumbo lake halitakubali. Akasema mababu. Mara ya tatu akasema, "Kama ni kwa faida ya jamii," akakaa juu ya mkeka.

Lochoro akaitwa kutoka nyuma nilikomficha. Akaingia na kikapu chake kwenye maji yaliyobaki, chubwi, akatoka na samaki. Karai ikaazimwa hotelini kwangu, nami nikashangaa kwa sauti kwamba ninayo. Akakaanga mwenyewe juu ya mawe matatu, chumvi tu, kwa sababu zile nakshi nyingine nilikuwa naweka mimi. Mimi sikusogea. Nilikazana na kibuyu changu kwapani mpaka kikalowa jasho.

Sahani ikawekwa mbele ya Shuriye. Samaki mzima, na macho yake.

"Huyu anashikwa wapi?" Shuriye akauliza, kwa sauti ya kufika mpaka kwa waliokaa mbali.

"Popote tu, mzee," Zachary akasema. "Lakini angalia miiba, unaweza kukwama. Mtu asiyezoea, tunamtolea."

"Acha. Nitahangaika mwenyewe."

Akanawa. Akasema Bismillahi. Halafu mikono yake ikaanza kazi, na mikono, ndugu zangu, haijui kuapa.

Kidole gumba kiliingia nyuma ya pezi, ngozi ikafunuka. Akanyofoa kile kipande cha mgongoni, kinene, kisicho na miiba, akakimeza. Akavunja kichwa, akakisogeza pembeni bila kukitazama. Akashika mkia kwa vidole viwili, akauinua taratibu, na mti wote wa miiba ukatoka mzima, safi, kama chanuo linalotoka kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Akaulaza ukingoni mwa sahani. Mimi nilikaanga samaki mwaka mzima na sikuwahi kuutoa bila kuuvunja.

Zachary alikuwa amefungua mdomo kama mifugo yake. Dullo alishuka kwenye jiwe, akachuchumaa karibu na ile sahani, akautazama ule mti wa miiba kama anavyotazama nyayo za ngamia wa wizi.

Mimi nilikuwa natazama kile kichwa kilichosogezwa pembeni. Nikakumbuka Alhamisi.

Nikatoa mikono ndani ya shuka, wote wawili, wa maziwa na wa samaki. Nikapita katikati ya watu, nikaweka kibuyu changu kitupu mbele ya magoti ya shemeji yangu. Hakukiona. Alikuwa amefumba macho, shavu limejaa, anatafuna kwa masikitiko kidogo, kama mtu anayeona chakula ni kizuri lakini kimepungukiwa. Bila kufumbua macho akanyoosha mkono pembeni, kule alikosimama Lochoro, akautikisa kama anavyoutikisa mtu aliye sebuleni kwake.

"Lochoro," akasema, "leo ndimu iko wapi? Na pilipili?"

Hata punda wakageuza masikio. Shuriye akafumbua jicho moja, akaona kibuyu. Akafumbua la pili, akaniona mimi.

Lochoro alikuwa ameulizwa, na akiulizwa hujibu.

"Iko kwa hoteli, mzee," akasema. "Wewe si ulisema ndimu ni ya paka?"